Jina la Fundi Mikokoteni Lilivyofika Urambo

Ng'ambo, Tabora
Julai

Mwanangu mpendwa,

Habari ya mtoto niliipokea nikiwa uani na ungo mkononi; niliuweka chini nikakaa hapo hapo juu ya kinu, nikalia kidogo. Kaka yangu, baba yako, angekuwa hai leo angechinja. Mungu amkuze mtoto, ampe mama yake nguvu. Sisi huku ni wazima. Baridi ya asubuhi inauma, vumbi la kiangazi limeshaanza, na miembe ya barabara ya Kwihara imeanza kutoa maua.

Sasa nije kwenye lile uliloniuliza, maana umesema huko mna siku 42 za kumwandikisha mtoto na siyo chache zilizokwishapita. Barua hii naituma kwa mkono. Mtoto wa jirani anarudi huko Ijumaa, ameahidi kuipeleka mpaka mlangoni kwako.

Umeniandikia kwamba pasi yako ina jina la babu yako mwisho, kwa hiyo huko wewe unaitwa kwa jina la babu kana kwamba ndilo jina la ukoo, na mtoto naye atalibeba. Umesema wenzako kazini wanalivunja-vunja mdomoni, na kuna aliyekushauri umpe mtoto jina la huko ili asihangaike siku ya kutafuta kazi. Halafu ukaandika maneno yaliyonikaa rohoni: kwamba jirani yako hapo Leeds anaitwa Wainwright, jina la watu wa kaskazini ya Uingereza, lenye miaka zaidi ya 600, na wewe ukajiona huna cha kumjibu. "Sisi jina letu ni la mtu mmoja, shangazi. Kwa desturi linaisha kizazi cha tatu."

Mwanangu, ungemjibu kwamba jina lake tunalijua. Mwenye kulibeba alifia Urambo, kilomita tisini hivi kutoka hapa nilipokaa. Nilifundisha Urambo miaka sita kabla sijajua habari zake, na mpaka leo naona aibu kwamba niliwafundisha watoto wa pale Napoleon na Bismarck nikampita yeye.

Nianze na jina lenyewe. Zamani za Waingereza, gari la mizigo la kukokotwa na ng'ombe au farasi liliitwa "wain", na fundi wa kuunda kitu kwa mikono aliitwa "wright". Basi Wainwright ni fundi mikokoteni. Neno "wain" limekufa katika mazungumzo yao ya kila siku, hakuna anayeita gari hivyo tena, lakini limebaki ndani ya majina ya watu kama mbegu ndani ya kibuyu. Jina limejaa zaidi Yorkshire, Lancashire, Cheshire na Staffordshire. Yule Alfred Wainwright wa Blackburn, aliyetembea milima ya kaskazini kwa miguu na kuandika vitabu saba vya kuwaongoza wapandaji kati ya 1955 na 1966, ni wa huko huko. Mwulize jirani yako, lazima anavyo nyumbani.

Lakini miaka hiyo 600 na ushee isikutishe. Hapo mwanzo hapakuwa na ukoo wa Wainwright. Palikuwa na mtu, tuseme Yohana, na kazi yake ilikuwa mikokoteni. Mwanawe angekuwa mfinyanzi, naye angeitwa mfinyanzi. Kilicholifanya jina ligande ni kalamu ya karani. Mwaka 1379 mfalme wa Uingereza alitoza kodi ya kichwa, na orodha za upande wa magharibi wa Yorkshire, hapo unapoishi, bado zipo: fulani fundi chuma, fulani mfumaji, fulani mchungaji, na kodi yake kando. Jina likiandikwa kwenye daftari la kodi, au la shamba, au la kanisa, mwana analirithi pamoja na deni. Vizazi vitatu baadaye hakuna anayekumbuka mkokoteni.

Hapa nakuomba ufungue bahasha ndogo niliyoibana ndani ya barua. Ni nakala ya tikiti ya kodi ya babu yako ya mwaka 1938. Ya asili haitoki kwenye kopo langu la biskuti, unanijua. Karatasi yenyewe ni ndogo kama kiganja, imekuwa rangi ya chai, na kona moja imeliwa na mchwa. Wino ni wa zambarau. Tazama jina: karani ameliandika kwa mkono wa haraka, akaweka "r" mahali pa "l", halafu akarudi akaisahihisha kwa kuipitishia mstari mnene, mpaka kalamu ikachana karatasi kidogo. Hilo tundu unaliona hata kwenye nakala. Baba alikuwa akituonyesha tundu hilo akicheka kwa raha, kwa sababu alisimama mbele ya meza ya karani na kukataa kuondoka mpaka herufi irekebishwe. Kijana wa miaka ishirini na tatu, pekupeku, shilingi zake za kodi zimefungwa kwenye ncha ya shuka. Alimwambia karani jina lake mara tatu.

Unajua maana yake. Alizaliwa mvua za kwanza za Novemba zikishuka baada ya kiangazi kirefu, na sisi Wanyamwezi, kama ndugu zetu Wasukuma, mtoto wa mvua tunamwita Mabula au Kabula, kama tunavyowaita mapacha Kulwa na Doto na anayewafuata Shija. Jina letu limo humo humo. Kwa hiyo la jirani yako lilianza na kazi ya mtu mmoja, letu limeanza na mvua ya siku moja. Yote mawili yameingia kwenye karatasi kwa njia ya kodi. Wao wametangulia tu kutozwa.

Sasa nije kwa Jacob Wainwright, yule aliyefia Urambo.

Alikuwa Myao, mtoto wa upande wa kusini, wa nchi zile za Ziwa Nyasa na Ruvuma zilizochotwa watu mpaka vijiji vikabaki magofu. Alikamatwa na wauza watumwa akiwa mdogo. Manowari ya Kiingereza iliyokuwa ikiwinda majahazi ya watumwa ikamwokoa, naye kama wengine akapelekwa Bara Hindi, kwenye shule ya misheni ya CMS, yaani Church Missionary Society, huko Nasik, si mbali na Bombay. Huko watoto walifundishwa kusoma, kuandika, useremala na uhunzi, na wakapewa majina. La kwanza lilitoka kwenye Biblia, na la pili mara nyingi lilikuwa la mfadhili wa Uingereza aliyechangia chakula na masomo ya mtoto. Fikiria mtoto wa Kiyao, hajaona theluji wala Yorkshire, anaitwa fundi mikokoteni.

Hakuwa peke yake. Mwaka 1872, mwandishi wa habari Stanley alipomwacha mmisionari Livingstone hapa kwetu Kwihara na kwenda pwani kumtafutia wapagazi, vijana sita wa Nasik walikuwemo katika msafara wa watu 57 uliotumwa kutoka Unguja. Nitakuandikia majina yao uyasome kwa sauti: Jacob Wainwright, John Wainwright, Matthew Wellington, Carras Farrar, Richard Rutton, Benjamin Rutton. Ukiyasikia ukiwa hapo Leeds utadhani ni timu ya kriketi ya kijiji. Wote ni watoto wa Afrika. Wellington nyumbani kwao aliitwa Chengwimbe. Alikuja kuishi Mombasa akafa mzee sana mwaka 1935, wakati babu yako alikuwa kijana tayari.

Walifika Kwihara Agosti 1872. Unalikumbuka tembe la Kwihara, nilikupeleka ukiwa darasa la tano ukalia kwa sababu ya siafu. Jengo lililopo limejengwa upya, lakini kiwanja ni kile kile na njia ni ile ile. Ukisimama kizingitini ukatazama nje, unaona jinsi mahali palivyofaa kungojea: udongo mwekundu, kivuli, vilima kwa mbali, kimya. Livingstone aliwangojea pale miezi mitano. Tarehe 25 Agosti wakaondoka pamoja kuelekea kusini, na mwaka uliofuata, mwanzoni mwa Mei 1873, mzee akafa akiwa amepiga magoti kando ya kitanda chake katika kijiji cha Chitambo, ambacho leo kiko Zambia.

Kilichofuata kila mtoto wa Tabora anapaswa kukijua kama anavyojua njia ya kwenda sokoni. Susi na Chuma, wakuu wa msafara, walimwita Jacob kwa sababu alijua kuandika. Yeye ndiye aliyeorodhesha mali ya marehemu, kitu kimoja kimoja, ndani ya kijitabu cha marehemu mwenyewe, asije mtu akasema wapagazi wameiba. Moyo ukazikwa chini ya mti wa mpundu na Jacob akasoma sala za maziko. Kisha akachukua kisu akachonga kwenye gome la mti jina la Livingstone, tarehe, na majina matatu ya wenzake kama alivyoyasikia masikioni: Yazuza, Mniasere, Vchopere. Huyo wa pili ni Mnywa Sele, jina la kwetu kabisa, na mtemi mmoja wa Unyanyembe alikuwa nalo.

La Jacob mwenyewe halimo. Yeye ndiye aliyekuwa na kisu mkononi, na alijua herufi zote za jina lake.

Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi, na nitakwambia ninavyoona, ingawa sina wa kumwuliza. Naona alichonga majina ya wakubwa wake, kama kijana mwenye adabu anavyopaswa. Hilo kwangu linatosha kumpenda. Mti uliangushwa mwaka 1899 na kipande chenye maandishi kikapelekwa London, kwa chama cha wanajiografia.

Mwili waliukausha kwa chumvi na jua, wakaufunga kwa shuka na gome la mti na turubai, wakaupachika kwenye mti wakaubeba. Miezi tisa. Oktoba 1873 walifika hapa Unyanyembe, wakamkuta Cameron, Mwingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Cameron akawashauri wamzike hapa. Wakakataa. Mbele ya safari, Kasekera, walisikia kwamba wenyeji wa njiani hawatakubali maiti ipite. Basi wakakusanya mabua ya mtama, wakayafunga sanda kama maiti, wakawatuma wenzao wayabebe kurudi nayo huku Unyanyembe kana kwamba wanarudi kuzika. Mwili wenyewe wakaufunga upya uonekane mtumba wa nguo kama mitumba yote ya njia hii. Waliobeba mabua walipofika mbali, wakayatawanya porini wakarudi kwa siri. Bibi yangu aliyatumia mabua hayo hayo kuwashia moto, na kila ninapoyaona yamefungwa uani namkumbuka yule aliyepokea kazi ya kulilia mabua njia nzima.

Februari 1874 walifika Bagamoyo. Wengine wakalipwa ujira wakaambiwa basi. CMS wakamlipia Jacob nauli, akasafiri na jeneza mpaka Southampton, na tarehe 18 Aprili 1874, Livingstone alipozikwa katika kanisa la Westminster, watu wanane walilisindikiza jeneza kwa heshima na Jacob alikuwa mmoja wao. Mwafrika pekee kati ya hao wanane. Stanley alikuwemo pia. Sasa sikiliza: huyo Stanley alizaliwa Wales mwaka 1841 akiitwa John Rowlands, mtoto aliyetupwa kwenye nyumba ya maskini, na jina la Stanley alilichukua ukubwani New Orleans kutoka kwa tajiri mmoja mfanyabiashara. Kati ya wale wanane, wawili walikuwa na majina ambayo hawakuzaliwa nayo. Mmoja alilitangaza la kwake dunia nzima. Mwingine hakulichonga hata kwenye mti.

Jacob alirudi Mombasa kwenye misheni ya CMS. Ni miaka ambayo watu wa Nasik walikuwa wakiletwa kujenga Freretown, mji wa watumwa walioachwa huru, pale ambapo leo mnara wa kengele umelipa eneo jina la Kengeleni. James Mbotela alisimulia habari za watu hao mwaka 1934 katika *Uhuru wa Watumwa*, kitabu ambacho baba yako alikisoma mpaka jalada likatoka. Ndiyo maana ukienda Kisauni usishangae kukuta Mswahili wa vizazi vitano mwenye jina la Kiingereza. Ni majina ya shule ile.

Lakini Jacob hakubaki pwani. Alirudi njia yetu. Alimalizia maisha yake Urambo, kwenye misheni ya LMS, yaani London Missionary Society, na akafia hapo Aprili 1892. Miezi tisa baadaye mtemi Isike alijilipua na baruti ngomeni mwake hapa Tabora asishikwe na Wajerumani. Ulikuwa mwisho wa dunia moja, na jina la Wainwright lilizikwa humo humo, katika nchi ya mtemi Mirambo. Na Mirambo nalo si jina la kuzaliwa, alizaliwa Mtyela. Hilo la Mirambo alilipata vitani, maana yake maiti, na nchi nzima ikaitwa kwa jina hilo.

Sasa nikupe jambo ambalo nikilifikiria nasimama. Misheni ile ya LMS, kabla haijafika Urambo, ilijaribu kuja bara kwa mikokoteni ya ng'ombe. Mwaka 1877 walitoka Saadani na magari na makundi ya ng'ombe wakidhani mzigo wa bara umepata dawa. Ndorobo wakawamaliza ng'ombe kabla ya kufika mbali. Magari yakaachwa, na mzigo ukarudi pale ulipokuwa siku zote, kichwani na begani mwa Mnyamwezi, zaidi ya kilo 25 kwa mtu, miezi mitatu kutoka pwani mpaka Tabora. Gurudumu halikuishinda njia hii mpaka reli ilipofika hapa mwaka 1912. Basi mtu mwenye jina la fundi mikokoteni aliishi na kufa kwenye njia iliyokataa mikokoteni, na kazi kubwa ya maisha yake ilikuwa kubeba. Jina halikumwambia yeye ni nani. Yeye ndiye aliyelipa jina habari mpya, habari ambayo Yorkshire haina.

Ukitaka jingine la hapo hapo kwenu, lipo. Sykes. Ni jina la upande huo huo wa Yorkshire, la mtu aliyeishi kando ya kijito. Mwaka 2000 mtaalamu mmoja wa Oxford, mwenyewe akiitwa Bryan Sykes, aliwapima vinasaba wanaume wa jina lake, akakuta karibu nusu wana alama moja, dalili ya kwamba babu yao alikuwa mmoja. Watu wakashangilia hiyo nusu. Mimi nikakaa kuifikiria ile nusu ya pili: waliolelewa, walioingia na mama zao, waliozaliwa nje ya ndoa, na wote ni Sykes halali. Huku kwetu kuna Sykes wa Dar es Salaam. Babu yao, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu wa upande wa Inhambane, Msumbiji, aliyekuja mwaka 1889 na jeshi la Mjerumani Wissmann lililomwendea Abushiri. Mwanawe Kleist, mwenye jina la Kijerumani mbele na la Kiingereza nyuma, alikuwa miongoni mwa walioanzisha African Association mwaka 1929, na wajukuu, Abdulwahid na Ally, walikuwa kwenye meza iliyoizaa TANU mwaka 1954. Mtanzania akisikia Sykes hafikirii kijito cha Yorkshire, anafikiria uhuru.

Kwa hiyo sitakwambia kwamba jina la Kizungu ni usaliti. Ningemtukana Jacob, na ningewatukana watu waliotupigania. Jina lolote ukilibeba vizuri linakuwa lako.

Ninalokwambia ni hili. Jacob alipewa jina na watu wasiomjua, kwa sababu siku ile hakuwa na baba wala shangazi wa kusema neno. Walimtendea wema, lakini hapakuwa na mtu wa kwao wa kumwuliza. Mwanao anaye baba, anaye mama, na anaye mimi niliyekaa juu ya kinu na kulia. Usimpe jina kama mtu anayeandikisha mtoto aliyeokotwa, eti kwa sababu mtu mmoja kazini ulimi wake ni mzito.

Hata mimi nimelipa gharama ya kalamu ya mtu. Nilipoingia darasa la kwanza mwalimu alilikata jina la baba, akabakiza silabi mbili, akasema jina refu halifai kwenye rejista. Nilikuwa mdogo, sikusimama mbele ya meza kama alivyosimama baba. Vyeti vyangu vyote vikatoka na jina ambalo si la baba wala la kaka yangu. Babu yako alipofariki, nikaenda kufuatilia kiwanja hiki ninachoishi, karani akaniuliza: "Wewe na marehemu mna uhusiano gani?" Mtoto wa kumzaa. Ilibidi niende mahakamani kula kiapo kwamba mimi na mtu wa kwenye vyeti ni mmoja. Nilirudi nyumbani nikafungua kopo, nikatoa ile tikiti, nikaweka kidole kwenye tundu. Nilikuwa na miaka arobaini na moja.

Kwa hiyo nikiulizwa mimi, andika jina la babu yako mwisho. Kwa "l". Liandike kwa herufi kubwa, mtamkie ofisa mara tatu, usiondoke mpaka uone kwa macho yako alichoandika, maana kurekebisha baadaye ni kazi huko kama ilivyo huku. Litakuwa jina la ukoo kuanzia leo, na asikudanganye mtu kwamba ukoo lazima uwe wa mwaka 1379. La katikati mpe la baba yako, ili kaka yangu naye apite. La kwanza ni haki ya mama yake, mwache achague.

Ukipata nafasi ya kwenda London mpeleke mtoto Westminster, hata kama atalala njia nzima. Jiwe la Livingstone liko sakafuni katikati ya kanisa, watu wanapita juu yake. Limeandikwa kwamba aliletwa na mikono aminifu kwa nchi kavu na bahari. Majina ya wenye mikono hayapo. Simama hapo uyataje polepole, Susi, Chuma, Jacob, na wale watatu wa kwenye mti. Na jirani yako mpelekee habari hii yote, mwambie kutoka kwangu kwamba jina lake limetunzwa huku.

Ukimaliza kuandikisha, nitumie nakala ya cheti. Kopo lina nafasi, nimeshatoa vifungo vya zamani. Kuna chupa mbili za asali ya miombo na pakiti ya michembe ndani ya begi la kijana. Asali ikiganda kwa baridi ya huko usiiweke motoni, iache tu kwenye maji ya vuguvugu. Michembe mkeo ailoweke kwanza. Kijana ameshafika, amekaa barazani na saa mkononi, treni yake ni ya jioni hii.

Shangazi yako